Mizani Isiyopenda Wageni

Huku Texas watu wengi hujaza risasi zao wenyewe nyumbani, na sheria haiwakatazi. Jirani yangu, mzee mstaafu, ni mmoja wao. Gereji yake haijui gari. Ina meza, makopo ya baruti, ndoo za maganda ya shaba, na mizani ya kidijitali ambayo ndiyo mwenye nyumba. Sisi wengine, mkewe akiwemo, ni wapangaji.

Baruti hupimwa kwa greini. Ratili moja ina greini 7,000, na gramu moja ni kama greini 15.4. Risasi ya bastola hula greini chache tu, kwa hiyo mizani ya kazi hiyo hutakiwa kutambua hata sehemu ya kumi ya greini, yaani chini ya miligramu 7. Ukizidisha baruti, silaha yaweza kupasuka mkononi. Ndiyo maana mzee hana mzaha.

Tatizo ni kwamba mizani kali namna hiyo haiachi kitu kipite. Feni ikizunguka, namba zinacheza. Ukipumua karibu, zinacheza. Paka akipita chini ya meza, mzee anaanza upya. Siku moja shangazi alinipigia kutoka Tanga, namba zikaruka na simu bado haijalia vizuri.

"Jirani, mwambie shangazi apige jioni," mzee akasema, macho kwenye kioo.

Nikamweleza shangazi kisa chenyewe. Akacheka sana. Yeye hupima kwa kiganja bizari ya pilau ya watu mia, na sufuria haijawahi kumlipukia.

Mzee akaamua mizani imezeeka, akanunua nyingine ya bei mbaya, yenye taa ya buluu. Nayo ikacheza. Kwa hasira akateremsha darini mizani ya marehemu baba yake, ya mkono wa chuma, isiyojua betri wala simu. Sumaku ndiyo inayoutuliza mkono usiyumbe. Akapima baruti ileile kwenye mizani zote tatu, akapata majibu matatu. Mkewe akauliza kama wapige kura.

Aliyeamua ugomvi ni jiwe dogo la mizani, lenye uzito unaojulikana, lililokuwa limelala kwenye boksi bila kufunguliwa. Likasema mkweli ni mkongwe wa darini. Zile za kidijitali zilikuwa zinawashwa na kutumiwa papo hapo, kabla hazijapata joto, wala hakuna aliyezirekebisha kwa jiwe kama vitabu vyake vya maelekezo vinavyoagiza.

Kwa hiyo ukienda kununua mizani, iwe ya baruti au ya dhahabu, usibabaishwe na taa. Nunua na jiwe la kuikagulia, iwashe mapema, zima feni, na simu iache sebuleni. Shangazi atapiga tena.