Chupa Nane za Simba na Nepi Kumi na Mbili

Msinihukumu haraka. Mimi ni mtu wa hesabu. Miaka thelathini na moja nilikaa stesheni nikiandika mizigo inayopanda na inayoshuka: magunia ya mahindi, mbuzi, magodoro, na siku moja jeneza tupu ambalo mwenyewe alishikilia liandikwe kama samani. Reli ilipita hapa kwetu Lubudi ikielekea Bukama, ikafika huko mwaka 1918, na wazee waliotufundisha kazi walituambia kwamba kisichoandikwa hakikusafiri. Nimeishi hivyo mpaka leo.

Sasa nimestaafu na sina mzigo wa kuandika, isipokuwa mmoja wa kilo tisa. Binti yetu yuko Kolwezi, anawapikia wachimba madini bukari na maharagwe, na mtoto ametuachia sisi. Ana mwaka na mwezi mmoja. Anakula kama mpakiaji wa mabehewa, na yale yanayofuata kula anayafanya kwa nguvu hiyo hiyo.

Kila mwanzo wa mwezi binti anatuma makuta kwa simu: 75,000 franka, za pampasi. Hapo ndipo shetani aliponikuta.

Pampasi mtaani kwetu hazinunuliwi kwa pakiti. Mama wa kibanda anaifungua pakiti na kuuza moja moja, kama sigara. Safari yake ni ndefu: imevuka mpaka pale Kasumbalesa ikitokea Zambia, imepita Lubumbashi, imepita Likasi, na kila aliyeigusa njiani ameiongezea kidogo. Ikifika kwetu ni 500. Mwenye uwezo wa kununua pakiti nzima analipia kila moja pungufu, lakini mwenye uwezo huo hakai mtaa wetu. Tano kwa siku, siku thelathini, 75,000. Nilipiga mstari mara mbili chini ya tarakimu hiyo nikaitazama kwa uchungu. Franka elfu sabini na tano, na mwisho wake ni kutupwa shimoni zikiwa zimevimba!

Tena hata shimo lenyewe linazikataa. Ukizitupa chooni, zinakunywa maji zinanenepa, choo kinajaa kabla ya wakati wake. Ukizichoma, zinatoa moshi asubuhi nzima na katikati bado mbichi. Jirani yetu bibi kizee akiona moshi anakuja mbio kwa mkongojo: anasema ukichoma uchafu wa mtoto, makalio ya mtoto nayo yataungua. Ukizifukia, mbwa wa mtaa anazifukua na kukuletea mlangoni, mbele ya wageni, kama mtu anayerudisha mali iliyopotea.

Basi nikafungua ukurasa mpya. Nepi za kitambaa cha pamba kumi na mbili, kila moja 3,000: jumla 36,000. Kaptula mbili za nailoni za kuvalisha juu, 10,000. Jumla kuu 46,000, mara moja tu, mpaka mtoto aanze kwenda chooni mwenyewe. Toa katika 75,000, mwezi wa kwanza zinabaki 29,000. Bia ya Simba kwenye baa ya karibu ni 3,500. Chupa nane, na chenji ya karanga. Na huo ni mwezi wa kwanza! Kuanzia mwezi wa pili zote 75,000, chupa ishirini na moja, ni zangu, yaani za familia.

Mke wangu alinikuta natabasamu peke yangu.

"Papa, uko naandika nini?"

"Maendeleo," nikamjibu.

Akalisoma daftari polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akauliza, "Sabuni iko wapi?"

Nikamwambia sabuni ni kitu kidogo. Watoto sita tuliwalea kwa nepi, mbona sikumbuki sabuni? Akanitazama muda mrefu. "Tuliwalea," akasema. "Wewe na nani?"

Mwezi ulianza. Wiki ya kwanza nilijiona mshindi. Nepi kumi na mbili zilipepea kwenye kamba kama bendera za sherehe ya uhuru. Wiki ya pili ndiyo daftari lilipoanza kunigeuka. Kipande cha sabuni cha 1,000 kinaisha kwa siku mbili: 15,000 kwa mwezi. Maji tunaletewa na vijana kwa baiskeli, bidoni la lita ishirini 300. Nepi zinataka mabidoni mawili kila siku, maana la kwanza linaondoa lile neno na la pili linaondoa sabuni. 18,000. Siku moja nilijaribu kubana, nikasuuza mara moja tu. Zilipokauka zilikuwa ngumu kiasi kwamba mke wangu aliuliza kama nimezipeleka Cimenkat, kiwanda cha saruji. Mtoto akatokwa na wekundu, akalia usiku mzima, na kulia huko nako hakuna anayekulipa.

Halafu makala, yaani mkaa. Hapa wasomaji wa Kinshasa na wa Ulaya watauliza, makala ya nini tena, si jua lipo? Jua lipo. Lakini yupo pia nzi wa embe. Mdudu huyu ana tabia mbaya kuliko zote nilizoziona stesheni. Anapenda mchanga wenye harufu ya mkojo, na nguo mbichi iliyoanikwa, hasa kivulini. Anataga mayai yake hapo na kwenda zake. Yai linaanguliwa, kijifunza kinangoja kimya, na ngozi ya mtu ikigusa ile nguo, kinaingia. Baada ya siku chache unaona jipu lenye tundu katikati, na ukiangalia vizuri tundu lenyewe linapumua. Wataalamu walimpa jina refu, Cordylobia anthropophaga, na hilo neno la pili maana yake ni mla watu. Sasa fikiria: nepi, kitambaa chenye harufu ile ile anayoitafuta, kisha tunakivalisha mahali laini kuliko pote duniani. Hapana. Kila nepi lazima ipigwe pasi, pande zote mbili, mpaka kwenye pindo, kwa pasi ya makala. Fungu la 500 kila siku. 15,000.

Jumlisha: 15,000 na 18,000 na 15,000 ni 48,000. Nilibaki na 27,000. Chupa zilikuwa zimeshuka kutoka ndoto ya ishirini na moja mpaka saba, lakini nilisema moyoni, saba si haba.

Siku hiyo hiyo mke wangu akaja na kiti chake, akaketi mbele yangu kama abiria mwenye malalamiko. Akasema magoti yanamuuma. Akasema mwenzake sokoni alimuuliza kama amerudi kuzaa. Akasema yeye hana neno na nepi, ila yuko msichana wa nyumba ya tatu anayefulia watu kwa 1,000 kwa siku, na kama msichana analipwa, basi na yeye aandikwe.

Nikasema, "Mama, wewe na mimi si kitu kimoja?"

"Kama ni kitu kimoja," akajibu, "kesho fula."

Nilifula. Sitaeleza. Nepi tatu tu, kisha nikarudi kwenye daftari nikaandika kwa mkono unaotetemeka: mfuaji, 1,000 mara thelathini, 30,000. Jumla 78,000. Nepi za bei nafuu zimezidi pampasi kwa 3,000, na hapo sijaingiza zile 46,000 za kuanzia. Mke wangu aliichukua kalamu, akalizungushia duara lile 3,000, akaandika pembeni: *deni la papa*.

Usiku huo nilijifariji kwa mambo ya wakubwa. Aliyeshughulikia pampasi za kwanza kwenye kampuni ya Procter & Gamble huko Marekani, Victor Mills, alikuwa mhandisi wa kemia na alikuwa babu kama mimi; inasemwa alichoshwa na nepi za mjukuu wake. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na maabara. Na mnajua kilichompata? Walipoijaribu sokoni katika mji wa Peoria mwaka 1961, kwa senti 10 kila moja, akina mama waliipenda wakaiacha dukani. Ghali! Marekani hiyo hiyo! Ikabidi watafute njia ya kuiteremsha hadi senti 6. Nilitamani kumsomea habari hii mama wa kibanda, lakini nina deni lake.

Waingereza nao, idara yao ya mazingira ilitoa ripoti mwaka 2008 ikilinganisha nepi na pampasi. Wao walipima hewa chafu, si makuta, lakini jibu lao ningeliandika mimi: inategemea unavyofua. Ukijaza mashine, ukaanika nje, ukamrithisha mtoto wa pili, nepi inashinda. Ukitumia mashine ya kukaushia, faida yote inakwisha. Nzi wa embe hawakumtaja. Wana bahati.

Aliyempigia simu binti yetu na kumweleza yote, pamoja na chupa nane, sitamtaja, ila tunalala kitanda kimoja. Binti hakunikaripia. Alicheka mpaka nikasikia sufuria ikianguka upande wake. Wiki mbili baadaye abiria mmoja akatuletea mfuko kutoka Kolwezi: nepi za kisasa, za kufuliwa, kumi, zenye vifungo vya kubana na picha za tembo, dola sita kila moja. Dola sitini! Kwa sitini mtu ananunua mbuzi, na mbuzi hahitaji nepi.

Nilivaa miwani nikasoma lebo ya Kifaransa kwa sauti, maana mke wangu alitaka kusikia. Zisichemshwe. Sawa. Zisitiwe dawa ya kung'arisha. Sawa. Na mwisho, kale kapicha ka pasi kaliko na msalaba juu yake: zisipigwe pasi, ule utando wa ndani unaozuia maji utaharibika.

Tukatazamana. Aliyeandika lebo ile hajawahi kupumuliwa na jipu.

Mke wangu ndiye aliyeamua. Kama pasi hairuhusiwi, nzi asizione kabisa, zitaanikwa ndani. Na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Januari, mvua haikati, kamba ikafungwa sebuleni, kutoka msumari wa kalenda mpaka msumari wa picha ya harusi yetu. Zilining'inia siku tatu. Tembo kumi juu ya vichwa vyetu, wakidondosha polepole, nasi tunakula sombe tukiwa tumeinama.

Jumapili katekista akaja kuandikisha ahadi za bati za kanisa. Nikamkalisha kwenye kiti kizuri, bila kufikiri kilipo. Naye ni mtu wa daftari, tunaelewana. Mke wangu akatoa ahadi kabla sijafungua mdomo: 3,000. Katekista akaandika kwa wino, vizuri, sifuri tatu za mviringo, kisha akageuka kumchekea mtoto. Tembo wa nne kutoka ukutani akaachia tone. Likaangukia sifuri ya mwisho, likaitandaza mpaka ikapotea.

Alipogeuka aliipangusa karatasi kwa kiganja, akasoma kwa sauti, "Mia tatu," akanitazama kwa huruma, akafunga daftari.

Sikusema kitu. Alipoondoka nilifungua langu, nikaandika upande wa mapato, 2,700, nikaitoa katika deni la papa. Zimebaki 300.