Mashine Inayofufuka Julai

Ukija Pito mwezi wa Julai, mashine yetu ya kufulia utaikuta nzima kabisa. Inazunguka mpaka jirani anauliza kama tumefungua kinu cha kusaga. Ila Julai nani anaihitaji? Upepo wa Ufipa unakausha shuka kabla hujamaliza kubana vibanio, na usipobana vizuri utalifuata kwenye shamba la mtu.

Mashine yenyewe inasubiri Januari. Mvua za huku zinaanza Novemba na hadi Aprili hazijaaga. Tuko karibu meta 1,800 juu ya bahari, na ukungu ukishuka kutoka milima ya Mbizi unakaa uani kama mgeni aliyeahidiwa chai. Hapo sasa, sare zote za shule zikiwa majini, upande wa kukamulia unanguruma "mmmm" na kugoma.

Ni ile ya matangi mawili, moja la kufulia, jingine la kukamulia. Haina hewa ya moto. Inazungusha nguo kwa kasi maji yatoke, kamba imalizie. Tuliinunua mtumba, ina maandishi ya Kichina ambayo baba watoto huwaeleza wageni kwa kujiamini sana.

Yeye anataka mpya. Mama mkwe hataki kusikia. Wafipa, anasema, walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, kisha wanakisafisha tena kwenye kintengwe, tanuri ndogo, kwa mivukuto ndipo wafue jembe. "Na ninyi mna fundi mjini, mnashindwa kufufua kopo?" Nilitamani kumwambia kwamba wahunzi wale hawakuhitaji kapasita. Lakini yule ni mama mkwe.

Tukaipeleka kwa fundi. Aliisukuma mota kwa kidole, ikazunguka. "Umeona, mama? Ikisukumwa inakwenda, basi mota nzima. Imekufa kapasita, ndiyo inayoipa nguvu ya kuanzia." Alikuwa sahihi. Tukalipa, ikakamua vizuri, halafu ikarudi kunguruma. Safari hii akalaumu umeme. Mkoa wetu umenunua umeme Zambia kwa miaka mingi, unapitia Mbala. "Mama, umeme wenyewe unatoka Zambia. Ukifika huku umeshachoka." Na kwa uchovu huo pia tulilipa.

Wakati huo sare zinakauka juu ya tenga lililofunikwa kwenye jiko la mkaa. Sweta la mtoto linanukia moshi na maharage kiasi kwamba mwalimu alimuuliza kama ametumwa kuleta chakula cha walimu.

Ninavyoona mimi, kinachotuamulia ni kalenda. Pesa ya mashine mpya inaonekana Julai, mazao yakishauzwa, na Julai hiyo mashine haina kosa hata moja. Ukitaja kununua nyingine unaonekana una wazimu. Januari, ikishakufa, pesa imekwenda kwenye mbolea, madaftari na viatu vya shule. Iliyobaki inatosha fundi tu. Naye fundi anajua bei zake: kila mara ni kiasi ambacho hakimfanyi mtu aitishe kikao.

Mwaka huu hatimaye alikuja na wazo. "Mama, niuzieni. Nawapa elfu thelathini, nitoe mota nimfungie mteja mwingine, yake ni aina hii hii."

"Mteja wa wapi?"

"Huko huko kwenu Pito."

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la dukani kwa fundi akijifanya hasikii, akanyanyua kichwa. "Mwanangu, kama mota inamfaa jirani, kwetu ina ubaya gani?"

Fundi akakuna shingo. Mota haina ubaya, mama. Shida ni sili ya chini inayopitisha maji. Elfu kumi na mbili, na ufundi.

Baba watoto alikuwa ameshatoka nje kutafuta boda ya kuirudisha nyumbani.