Piano ya Teatri, na Mbuzi Ndani

Ndugu yangu, ukiwa na simu yenye kurekodi vizuri, ifiche. Mi sikuficha. Sasa korali inaandaa teatri ya kuimba, na mama presidenti wake amesikia mahali fulani piano ya zile teatri za Broadway. Anataka sauti hiyo hiyo ndani ya kinanda chetu. "Papa, hii kinanda yetu inalia kama simu ya kuokota." Mi nikadakia: kazi ndogo! Mdomo huu, ndugu, siku moja utanizika.

Kijana mmoja mwenye kompyuta ndiye anajua mambo. Anasema usitafute piano kubwa ya kitajiri. Tafuta ile ya kusimama ukutani, iliyopigwa mazoezini mpaka ikachoka. Nyundo zake zina sufu. Zikigonga miaka na miaka, sufu inakuwa ngumu, sauti inatoka kali. Halafu noti za katikati, kila moja ina nyuzi tatu. Zikiachana kidogo tu, sauti inatetemeka. Nikaitikia eee, eee. Nyuzi? Si mna spika humo ndani?

Piano tukaipata, ya zamani, tangu mji wetu ukiitwa Albertville. Unyevu wa ziwa umevimbisha mbao. Kuna vitufe ukibonyeza vinabaki chini, havina habari na wewe. Kijana anaruka kwa furaha: "Papa, ndiyo yenyewe!" Mi nikatumwa nyuma yake na simu yangu, kwa mende.

Unarekodi kitufe kwa kitufe. Viko 88. Kila kimoja kwa upole, kwa kiasi, kwa nguvu. Piga hesabu: 264! Na kila noti unaiacha izimike yenyewe. Za besi hazizimiki, ndugu. Umebana pumzi, jasho linateremka, hata mate humezi. Tumbo langu, lenye bukari na mikebuka, likanguruma katikati ya Do. Rudia. Ukigusa Fa, pikipiki. Sol, jenereta ya jirani. La, mama wa ndagaa anaita wateja, tena mlangoni.

Kijana akanifariji kwa habari za Todd Matshikiza wa Afrika Kusini. Mpiga piano. Ndiye alitunga muziki wa King Kong, teatri ya kuimba iliyoanza Johannesburg mwaka 1959, na mwaka 1961 ikafika London. Tena alikuwa na safu yake katika jarida la Drum. Nikavimba: mwenye safu mwenzangu! Kijana akasema, "Ndiyo, Papa. Nawe ungebaki kwenye safu."

Tukaingiza sauti kwenye kompyuta, tukaunga kinanda cha korali. Ile sauti kali imo. Kutetemeka kumo. Mama presidenti akasikiliza, akafumba macho, akayafumbua. "Piano ni nzuri, Papa. Ila huyu mbuzi kwenye Mi ni wa nani?"

Malipo yangu? Fanta ya moto.

Jirani mwenye jenereta, nakuomba, Jumamosi uzime kidogo. Besi bado. Na mwenye mbuzi pia, unajijua.