Sifa za Mvumo wa Transfoma

Wako watu Nyabibuye, na katika vijiji jirani vya wilaya za Kakonko na Kibondo, ambao tangu transfoma ilipopandishwa juu ya nguzo zake mbili, na kibao chake cha fuvu la HATARI, hawana mazungumzo ya baraza la jioni isipokuwa kuulaani mvumo wake. Nami, kwa kuwa kila mshitakiwa anastahili wakili, hata awe wa chuma na mafuta, nimeona ni insafu nimsimamie.

Nani mwingine katika utumishi wa umma afanyaye kazi usiku na mchana, Idi na Krismasi, bila posho wala likizo? Mvumo wenyewe ndio jasho lake. Ndani ya tangi mna kiini cha mabati membamba ya chuma, yaliyopangwa na kubanwa barabara, na chuma, kama alivyobainisha Mwingereza James Joule mwaka 1842, hubadilika urefu kila kinapotiwa usumaku, ingawa kipande cha mita nzima hakirefuki hata kwa unene wa unywele. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa kuwa chuma hakijali usumaku umeelekea huku au kule, hujinyoosha mara mbili katika kila mzunguko. Ndipo ukapatikana mvumo wa mitetemo 100 kwa sekunde, sauti nene yenye haiba, ilhali transfoma za Marekani, ambako umeme ni wa mizunguko 60, huvuma kwa mitetemo 120, sauti ya kijana asiyebalehe sawasawa.

Isitoshe, ni muadilifu. Mvumo wa kiini hufuata volti, si wingi wa wateja, kwa hiyo hauwanyenyekei wenye mashine za kusaga mahindi wala haumdharau mjane mwenye taa moja. Ni kweli kwamba usiku wa manane, matumizi yakipungua, volti huweza kupanda kidogo na mvumo nao ukaongezeka, huku kelele nyingine zote zimekwisha kulala. Basi wanaodai kwamba huwavumia kwa kusudi wana ushahidi, ila ni haba. Tena linganisheni: huko Kasulu, kabla gridi ya Taifa haijafika mwaka 2022, umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli. Aliyewahi kulala jirani na jenereta hatamshitaki transfoma mbele ya kadhi yeyote.

Hata hivyo, wakili mkweli hawafichi wapinzani silaha zao. Dawa kubwa hutiwa kiwandani: chuma bora chenye silikoni, na kiini kipana ili usumaku usisongamane. Pale panapofungwa, fundi wa shirika la umeme, TANESCO, akaze nati zilizolegea, maana mara nyingi kinachokera si kiini bali kifuniko kinachogongagonga. Transfoma ya kuwekwa chini itandikiwe mpira mzito, isiwekwe penye kona ya kuta mbili zinazoirudisha sauti, na volti irekebishwe isizidi kiasi chake. Mwenye nyumba naye ajue kwamba, mahali pa wazi, kila umbali ukizidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6 hivi. Kuhamishia kitanda chumba cha nyuma kunafaa kuliko ule mstari wa mikaratusi ambao bwana mmoja ameupanda kwa hasira, kwani miti michache huficha transfoma machoni tu, masikio yakabaki palepale.

Sauti moja tu siitetei. Transfoma akianza kutatarika na kutoa cheche, au mafuta yakivuja, au yakiwa yameibwa usiku na wezi, huyo mteja wangu ni mgonjwa: TANESCO wapigiwe simu mara moja, na mtu yeyote asimguse kwa mti wala kwa jiwe, hata yule bwana wa mikaratusi.