Njia za Mkato Kongamanoni: Wajue Vijana wa Fulana

Julai 7 inakaribia, Siku ya Kiswahili Duniani tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, na wewe umealikwa kongamanoni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utazungumza Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa umechorwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500. Ikisiri ulituma usiku wa mwisho, makala hujaimaliza, na bado unataka kuonekana msomi. Inawezekana. Achana na meza kuu. Nenda kwa wanafunzi waliovaa fulana za kongamano. Mambo yote wanayo wao.

Kwanza, wahi dawati la usajili. Fika wakati bado wanapanga mabegi, usisubiri mgeni rasmi aingie. Binti mwenye orodha ndiye anayejua kama kitambulisho chako cha shingoni kitaandikwa Dkt. au Bw. Usijifanye hujali, sote tunajali. Mwambie kwa upole: "Mdogo wangu, naona Dkt. imerukwa hapa." Atachomoa kadi tupu chini ya boksi la kalamu, ataandika upya kwa herufi kubwa, ataipuliza wino ukauke, kisha atakukabidhi kwa mikono miwili. Ukimfokea, utavaa Bw. mpaka siku ya kufunga.

Na umwite kwa jina, si "we binti". Jina lake analo kifuani. Lisome, ulishike, kesho ulitaje mbele ya wenzake. Chai ya saa nne itakufuata ulipokaa.

Pili, kijana wa projekta. Mpelekee slaidi usiku wa kuamkia wasilisho lako, hata kama hazijakamilika, na faili lipewe jina lako. Wenzako watapanda jukwaani na flashi zenye virusi, wahangaike na nyaya huku ukumbi ukipiga miayo. Wewe utapanda mikono mitupu, slaidi ya kwanza iko ukutani. Watu watasema umejipanga. Waache waseme.

Tatu, mtunza muda. Hukaa safu ya mbele na karatasi zake: DAKIKA 5, DAKIKA 2, MUDA UMEKWISHA. Msalimie kabla ya kikao, umuulize atakaa upande gani. Kisha anza na hoja yako kubwa, maana ndiyo pekee uliyonayo. Karatasi ya mwisho ikiinuliwa, shukuru, ukae. Ukumbi mzima utaamini una mengi ambayo muda umeyakata. Anayebishana na ile karatasi hupoteza ukumbi na hoja pamoja.

Nne, na hapa ndipo penye utamu: kula nao. Wao hula mwisho, wageni wakishatosheka, kwa hiyo chelewa makusudi. Wengi wanatoka CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, nao huandaa makongamano yao wenyewe. Wanajua kutafuta malazi ya wageni na kumbembeleza mfadhili. Muulize kila mmoja anaandika tasnifu juu ya nini. Mwanafunzi wa uzamili amesoma mwaka huu kazi ambazo wewe umezisikia majina tu. Ndani ya sahani moja ya pilau utapata marejeo ya kumalizia makala yako. Ila wazo lake ukilitumia, mtaje kwa jina, ndani ya matini, si kwenye shukrani za jumla. Kumwibia mwanafunzi si njia ya mkato, ni wizi.

Siku ya kufunga, kila msemaji atamshukuru mgeni rasmi. Ukipewa kipaza sauti, wataje watatu wako kwa majina, waombe wasimame, wapigiwe makofi. Utapendwa na ukumbi mzima, nao watakuwa wamepata haki yao.

Kisha waachie namba yako. Siku mmoja wao akikuomba barua ya kumpendekeza kwa ufadhili wa masomo, iandike wiki hiyohiyo, na ueleze kazi uliyomwona akiifanya kwa macho yako.