Mzee wa Jedwali

Wapo akina baba kule Hamburg ambao, ikifika Machi tu, huanza kuipanga safari ya Agosti ya kwenda Napoli kana kwamba wanavusha msafara wa ngamia. Zaidi ya kilomita 1,800, nchi tatu, na kila kituo kina dakika zake kwenye jedwali. Haja ndogo ya kitinda mimba imepangwa Kassel, saa tatu asubuhi. Mwenyewe hajaulizwa.

Ujerumani gari dogo halilipii barabara kuu, basi mzee anatamba. Kisha inakuja Uswisi na stika yake ya kulipia barabara kuu, faranga 40, ya mwaka mzima, hata kama unapita tu kwa saa nne. Ya siku moja hakuna. Moto unawaka! Afadhali azungukie Austria, ambako stika za siku chache zipo. Sawa, ila kipande cha barabara cha Brenner, mlimani, kina malipo yake mbali na stika, na mafuta ya mzunguko hayamo kwenye jedwali. Ameokoa nini? Usimuulize, anaendesha. Waliokubali kulipa faranga 40 nao wako foleni Gotthard, wakisubiri kuingia handaki la kilomita 17.

Mama hana jedwali. Ana sambusa, chupa ya chai, na mifuko ya plastiki kwa watakaotapika kwenye kona za milimani.

Na juzi mama mkwe katangaza kuwa naye yumo. Ana mabegi matatu.