Haijawahi Kubeba Mawe

Mpwa wangu ana simu kubwa kuliko akiba yake. Juzi alikuja kunijulia hali, akanywa chai yangu vikombe viwili, kisha akaniwekea ile simu mbele ya macho kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha ya eksirei.

"Anko, usinunue vitu vya ajabu ajabu. Mtu wa hadhi yako anapanda hii."

Hii yenyewe ilikuwa Yamaha FJR1300. Kwanza nilidhani ni friji imelazwa ubavu. Ina kioo cha kuzuia upepo, ina masanduku huku na huku, ina kiti kipana ambacho abiria wawili wa kijijini kwetu Rwamgasa wangekigombania kama urithi. Akanieleza kuwa hizi ni pikipiki za safari ndefu, zinakimbia kama za mashindano lakini mwendeshaji anakaa kistaarabu. Wazungu wanazipanda kutoka nchi moja hadi nyingine, jioni wanashuka mgongo umenyooka.

Hapo kwenye mgongo ndipo aliponipata. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na ushei nikiwa nimeinamia madaftari. Mwaka jana nikastaafu, kiinua mgongo kikapitishwa kwenye kikokotoo, kikatoka kimepinda kuliko mgongo wenyewe. Hata hivyo kilibaki cha kununua chombo cha usafiri. Tangu habari hiyo ivuje (najua aliyeivujisha, nalala naye nyumba moja), Rwamgasa nzima imekuwa washauri wangu wa bure.

Nikamuuliza mpwa uzito. Akasoma: karibu kilo 290.

"Na likinilalia kwenye matope ya njia ya Katoro, nani ataliinua?"

"Haliangukagi, Anko."

Kijana huyu amezaliwa hapa hapa. Barabara yetu anaijua, mvua ikinyesha hata mbuzi wanapita pembeni. Lakini mtu akishatazama picha nyingi za lami ya Uswisi anasahau vumbi lililomlea. Akafungua nyingine, Honda ST1300, ambayo tangi lake linabeba lita 29. Nikapiga hesabu kichwani, kazi niliyolipwa kuifanya miaka yote. Lita karibu elfu tatu, mara 29, inakaribia elfu tisini kwa kujaza mara moja. Na huku kijijini petroli tunanunua kwenye chupa za maji ya kunywa. Ningesimama pale njiapanda nikasema jaza, yule mama angemimina chupa zote za mezani, akunje meza, aende zake nyumbani kabla ya saa tatu asubuhi.

Bei sasa. Ile Yamaha ikiwa mpya iliuzwa Marekani zaidi ya dola 16,000. Kwa pesa hiyo ninanunua Boxer kumi na zaidi, nafungua kijiwe changu mwenyewe, nakaa kwenye benchi na kupokea hesabu kila jioni. "Basi chukua iliyotumika, Anko, Japani zipo." Iliyotumika! Ikishuka meli, ikalipiwa ushuru, ikafika hapa, nani atakuwa na spea yake? Fundi wetu ana droo moja. Ndani mna plagi, waya wa klachi, na chupa ya dawa ya kikohozi.

Nilimfukuza mpwa kwa upole. Lakini usiku ule, nakiri, niliiota. Nilikuwa nakata Daraja la Magufuli pale Kigongo na Busisi, kilomita 3 za lami juu ya ziwa, daraja lililofunguliwa Juni 2025, sisi tuliozeekea kwenye foleni ya kivuko tukila mihogo ya kukaanga hadi meno yanachoka. Upepo kifuani, maji kushoto, maji kulia, naenda kwa binti yangu Mwanza bila kuamkia mtu. Mke wangu akaniamsha. Nilikuwa nimeushika mkono wake nauzungusha kama eksileta.

"Kanunue pikipiki," akasema, "kabla hujanivunja kiwiko. Ila ya watu wa kawaida."

Ya watu wa kawaida ni Boxer au TVS, na swali ni lile lile la wenye mapikipiki makubwa huko duniani, mpya au iliyotumika? Wenzetu nadhani wanatazama mwaka na kilometa. Hapa kilometa hazisemi kitu. Spidomita ya pikipiki ya Rwamgasa ama waya wake ulikatika zamani, ama imesimama kwenye namba moja kwa miaka, kama kikongwe anayetaja umri ule ule kila sensa. Hapa bei ya pikipiki iliyotumika inapangwa na mwamba.

Nieleze. Duara, yaani shimo la dhahabu, likitema, wale vijana walioshinda chini wakila vumbi wanapanda juu na mgawo wao. Tangu 2019 Geita mjini kuna soko la dhahabu, unapima, unakatwa mrabaha wa serikali, unaondoka na pesa kihalali. Njia ya kurudi inapita Katoro, na Katoro kuna maduka ya pikipiki. Jioni hiyo mnasikia mlio mpya kijijini, kiti bado kina nailoni, kijana amevaa kofia ngumu kwenye kiwiko. Wiki sita baadaye mwamba umekata. Mwenye duara anadaiwa magogo ya matimba, anadaiwa mchele wa kambi, na wale vijana wanadaiwa kila mahali. Pikipiki zile zile zinapangwa chini ya mwembe zikiwa na vibao vya kadibodi. Ukitaka kununua kwa bei ya kutupa, usimuulize fundi, muulize mpishi wa kambi. Wali ukigeuka ugali, subiri wiki moja. Ugali ukikosa dagaa, nenda na pesa mkononi.

Marehemu baba alikuwa na utaratibu mzuri zaidi. Kule Shinyanga aliuza pamba, akanunua baiskeli ya Phoenix, mpya, akaikunja karatasi ya boksi akaiweka kwenye sanduku la nguo. Baiskeli ile ilimzika. Pamba ilikuwa inakuja kwa msimu, kwa hiyo mtu alijua lini ataringa na lini atatembea kwa miguu. Dhahabu haina msimu. Inakufanya tajiri Jumanne, na Ijumaa unauliza nani ana chaja ya kuazima.

Nikatafutwa na dalali. Sikumtafuta mimi, dalali wa Rwamgasa ananusa mstaafu kama inzi anavyonusa sangara.

"Mwangaluka, Mwalimu! Nina chombo chako. Boxer, namba D, injini haijafunguliwa hata siku moja. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, anaendea sokoni na kanisani tu. Haijawahi kubeba mawe."

Nikamuuliza mwalimu gani, maana katika kata hii nawajua wote, wastaafu na waliobakiza mwaka. Akakohoa. Alihamia Chato. Jina? Jina limemtoka kidogo, ila mtu mmoja mstaarabu sana, mfupi, halafu kama mrefu.

Lazima msomaji wa mjini aelewe kubeba mawe ni nini. Mwamba wenye dhahabu unapotoka duarani unatiwa kwenye viroba, na viroba vinapelekwa kwenye karasha vikasagwe. Nani anavipeleka? Pikipiki. Kiroba kimoja juu ya tangi, viwili nyuma, na kijana amejipachika katikati kama nyama kwenye mshikaki. Pikipiki iliyotengenezewa watu wawili inashinda kutwa ikibeba mlima kwa vipande. Miezi mitatu ya kazi hiyo na shokapu zimelala, rimu zina mawimbi, na fremu imejikunja kidogo, kiasi kwamba unaelekeza usukani Nyarugusu yenyewe inataka Katoro.

Nilienda na fundi wangu, alfajiri. Hiyo ni siri aliyonipa na ninaitoa bure: usiende kuangalia pikipiki ya mtu saa nne, nenda kabla hajaipasha moto. Iliyochoka huwa inagoma asubuhi, jioni inawaka kama malaika. Tulifika saa kumi na mbili kasoro. Fundi akaweka kiganja kwenye injini, akanitazama. Ya moto. Dalali alikuwa ameamka kabla yetu.

Tukaiwasha. Moshi wa bluu ukapanda taratibu hadi kwenye majani ya mwembe, kuku wakahama. Fundi akasema pistoni na ringi. Dalali akasema ukungu. Taimingi cheni ilikuwa inagonga kama mtu anayedai kodi ya nyumba. Kwenye kariya, chini ya rangi mpya nyeusi, nikakwaruza kwa ukucha na vumbi la kijivu likanijia kidoleni. Nimeishi na vumbi hilo miaka mingi, linaanguka hata kwenye uji. Vumbi la karasha.

"Hii imebeba mawe," nikasema.

"Mwalimu, hata marudio yana mali."

Nilikosa jibu, nakubali. Marudio ni ule mchanga unaobaki baada ya jiwe kusagwa, kuoshwa kwenye mwalo na dhahabu yake kukamatwa kwa zebaki. Kwa macho ni uchafu. Lakini zebaki inaacha dhahabu nyingi nyuma, ndiyo maana kuna matajiri wananunua vile vichuguu vya mchanga, wanavipitisha kwenye sianidi na kujenga maghorofa Geita. Mwenye duara wa kwanza anakula jasho, wa pili anakula ghorofa. Kwa hiyo dalali alikuwa ananiambia nisiione takataka, mle ndani bado mna pikipiki. Hoja tamu. Ilinichukua hatua ishirini za kutembea kugundua kasoro yake. Marudio yana sianidi ya kukamua kilichobaki. Boxer iliyokwisha ringi unaikamua kwa nini?

Halafu kadi. Kadi ilikuwa na jina la mtu wa Kahama, aliyemuuzia mtu wa Runzewe, aliyemuuzia mtu wa Nyarugusu, na hakuna hata mmoja aliyebadilisha umiliki. Kisheria, mimi nikimgonga mbuzi wa jirani, wa kwanza kutafutwa ni bwana mmoja Kahama anayekunywa chai yake bila habari.

Basi nikaamua mpya. Nikaenda Katoro nimebeba pesa kwenye soksi, karibu milioni tatu. Wenye miguu mikubwa tunajua kushukuru. Dukani nikachagua nyekundu. Muuzaji akasema hiyo ya kuonyesha, yangu inakuja. Yangu ikaja kwenye boksi. Vijana wawili wakaifungua kwa bisibisi na wimbo, huku gurudumu, kule usukani, mmoja anapokea simu, mwingine anamdai mwenzake elfu mbili. Nusu saa, pikipiki imesimama. Chini, juu ya kadibodi, zimebaki bolti mbili na washa moja.

"Na hizi?"

"Za ziada hizo, Mzee. Kiwanda kinatuwekeaga nyingi."

Kiwanda kiko India. Ina maana kuna Mhindi mmoja kule amekaa anasema hebu tumwongezee mwalimu wa Rwamgasa bolti mbili za zawadi. Nilizitia mfukoni. Mpaka leo, kila ikitetemeka, nazipapasa.

Nilirudi nayo taratibu, kwa heshima ya injini mpya, daladala za baiskeli zikinipita. Mtoto mmoja alikimbia pembeni yangu akanisalimia shikamoo, akamaliza, akanisubiri mbele.

Siku tatu ilikuwa mpya. Siku ya nne kulikuwa na msiba upande wa shemeji, chombo kinahitajika, utamnyimaje mtu wa msibani? Ikarudi usiku kioo kimoja kimegeuka kinatazama mbinguni. Siku ya sita jirani ana mgonjwa. Siku ya tisa mpwa, yule yule wa Yamaha, akaomba aende mara moja tu kuchukua chaja. Aliondoka saa mbili asubuhi akarudi saa moja jioni, amechoka mno kwa mtu aliyefuata chaja. Akanipa elfu kumi, eti ya mafuta. Tangi lilikuwa tupu. Kariya ilikuwa imeinama upande mmoja kama kofia ya mlevi.

"Viroba vingapi?" nikamuuliza.

"Anko, duara limetema."

Wiki iliyopita limekata. Najua kwa sababu mpwa amerudi kwenye chai yangu, na simu yake kubwa sasa ni ndogo, ina vitufe. Mke wangu naye anataka bati za jiko. Jana nimekaa kibarazani nikamwona dalali anakuja, anatabasamu tangu kwenye mchongoma. Na nyuma yake kijana mgeni, amevaa shati la kunyooshwa, mkono mmoja uko mfukoni umeshika kitu kwa nguvu.

"Chombo chenyewe hiki," dalali akamwambia, anapiga kiti kofi la upendo. "Ina mwezi mmoja. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, huyu hapa muulize mwenyewe. Sokoni na kanisani tu. Haijawahi kubeba mawe."

Kijana akanigeukia. Macho ya adabu, kama ya mwanafunzi anayesubiri umwambie jibu ni sahihi.

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta kariya.